Kang'olewa Jino: Ale Nini, Anywe Nini?

Waulize watu kumi wanachoogopa kwa daktari wa meno, tisa watakutajia sindano ya ganzi na ile koleo. Hakuna atakayekutajia chakula cha jioni. Lakini mimi, baada ya yaliyotokea nyumbani kwangu, nakwambia kazi ya daktari ni ya nusu saa tu. Kazi yenyewe inaanza mkisharudi nyumbani, pale baba mwenye nyumba anapokaa mezani, shavu limevimba kama kang'atwa na nyuki, anauliza, "Leo tunakula nini?"

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana bila hicho mengine yote utayaona ni masharti ya mganga. Jino likitoka linaacha shimo kwenye mfupa wa taya. Shimo hilo linajaa damu, na damu ile inaganda na kuwa donge laini. Donge hilo ndilo bandeji ya mwili. Limefunika mfupa na mishipa ya fahamu, na humo ndani yake nyama mpya inaanza kuota. Kila utakachoambiwa kuhusu chakula, kinywaji, sigara, hata mabusu (ndiyo, huko nako tutafika), sababu yake ni hiyo hiyo: donge lisichomoke, lisiyeyuke, lisichafuke.

Baba watoto wangu alikuwa na gego la mwisho, chini kushoto, limelala ubavu na kuliegemea mwenzake. Wiki mbili anatafunia upande mmoja, usiku anazunguka sebuleni na kitambaa shavuni, ukimwambia twende hospitali anakwambia limepoa. Kilichompeleka ni harusi ya mdogo wake. Jumamosi ukumbini yeye ndiye wa kusimama na kupokea wageni, na hutaki kupokea wageni umeshika taya. Alhamisi saa tatu asubuhi tukaenda. Alinong'onezewa na wakubwa kwamba jino la juu ukiling'oa macho yanapungua nguvu, akashukuru kwamba lake ni la chini! (Hakuna ukweli wowote hapo, jamani. Jino la juu halina uhusiano na uoni wako.)

Tulipotoka, daktari alimpa pamba aing'ate kwa nguvu kwa dakika kama 45, bila kuitoatoa kuchungulia. Mimi nikapewa maelekezo. Si unajua wanaume, wakitoka kwenye kile kiti hawasikii kitu.

Ganzi kwanza iishe

Jambo la kwanza: usile mpaka ganzi iishe. Kwa taya la chini inaweza kuchukua saa mbili hadi tano. Mtu mwenye ganzi hajui mdomo wake uko wapi. Atang'ata shavu, atang'ata ulimi, atakunywa chai ya moto iunguze midomo yote na yeye anatabasamu tu. Kwa watoto ndiyo usiseme, wanautafuna mdomo wa chini kwa kuushangaa, jioni umevimba kuliko hata pale palipong'olewa. Mtoto akitoka kung'oa jino mkalishe karibu na wewe.

Maji anaweza kunywa, ya kawaida au ya baridi kiasi, kwa glasi, akimeza taratibu. Hapa ndipo panaponifanya nisisitize kama mwalimu wa chekechea: mrija hapana. Ukivuta kwa mrija unatengeneza mvuto ndani ya kinywa, na mvuto huo unaweza kuling'oa donge zima kutoka kwenye shimo lake. Soda ya chupa mnayoipenda, mimina kwenye glasi, tena siku ya kwanza na ya pili afadhali uiache kabisa maana ina gesi na sukari. Dafu ni zuri, lakini si kwa mrija wala kulikumbatia na kulifyonza pale pale kwa muuzaji. Mwambie akuwekee kwenye chupa, ukifika nyumbani umimine kwenye kikombe. Lambalamba na aisi za ukwaju za kufyonza, hapana. Aiskrimu ya kijiko, isiyo na njugu wala vipande vya biskuti, ruksa. Ubaridi wake hata unasaidia.

Na kutema. Sisi tumezoea kutema mate kila yakiwa na damu. Siku ya kwanza mate kuwa mekundu ni kawaida, tone la damu likichanganyika na mate linaonekana kama ndoo. Meza tu. Kama huwezi, inamisha kichwa yadondoke yenyewe. Ukitema kwa nguvu, ni yale yale ya mrija.

Damu ikigoma kukata, kunja kitambaa safi kilicholowanishwa, kiweke juu ya shimo, ng'ata dakika 20 mpaka 30 bila kuchungulia. Nyumbani hakuna pamba? Chukua paketi moja ya majani ya chai, ilowanishe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ikamue kidogo, ng'ata. Chai nyeusi ina kitu kinachosaidia damu kuganda, na ni dawa ambayo hata madaktari wenyewe wanaikubali. Umefanya hivyo mara mbili na kinywa bado kinajaa? Rudi hospitali hata kama ni usiku.

Mama mkwe kaja na hotpoti

Mchana ule nilimtengenezea uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa, uliopoa hadi vuguvugu. Jioni viazi mbatata vya kuponda na supu ya samaki iliyochujwa miiba. Akala vizuri. Ijumaa asubuhi, hodi, mama mkwe huyo na wifi yangu, wamekuja mapema kwa ajili ya harusi, mkononi hotpoti mbili. Wali wa nazi, kuku wa kukaanga, kachumbari, na pilipili ya maembe iliyonukia mpaka chumbani.

Nikaamkia, nikapokea mizigo, nikakaribisha. Mama akatupa jicho mezani, akaona bakuli la uji. "Mwanangu anakunywa uji kama mtoto anayeachishwa ziwa?" Wifi akadakia, "Tena kapungua huyu." Mashosti, mnaijua sauti ile. Hapo hazungumziwi uji, unazungumziwa wewe. Na baba watoto, ambaye ningetegemea afungue mdomo wake uliovimba japo kidogo, akanyoosha mkono kwenye hotpoti!

Wali una shida gani? Punje zake ni ndogo na zinajificha. Inaingia moja shimoni, huwezi kuitoa bila kuchokoa, na ukichokoa umeharibu. Kuku wa kukaanga ana kona ngumu. Kachumbari ina ndimu na chumvi, na ile pilipili kwenye kidonda kibichi, mwenyewe fikiria. Vingine vya kuweka mbali wiki hiyo ni korosho, karanga, bisi, mahindi ya kuchoma, makande, chipsi kavu, kashata, na mishkaki hata iwe laini namna gani.

Sasa ningemwambia mama mkwe "daktari kakataza," ingekuwa vita. Daktari gani anayemjua mwanawe kuliko yeye? Nikakaa chini kwenye mkeka karibu naye, nikamwambia, "Mama, daktari anataka chakula kilaini lakini cha nguvu, na mimi bokoboko sijawahi kulipatia kama lako. Ungetusaidia."

Ndugu zangu, mama alivua buibui pale pale akaomba ngano. Bokoboko, kwa msioijua pwani, ni ngano iliyochemshwa na nyama kwa saa nyingi kisha ikapondwa mpaka nyama na ngano hazijulikani nani ni nani. Kwa mtu aliyeng'olewa jino sidhani kuna chakula cha maana kuliko hicho: kina nyama, kina nguvu, na hakihitaji jino hata moja. Masharti yangu yalikuwa mawili tu, nikayasema kwa unyenyekevu, kisiwe cha moto na visiwekwe vitunguu vya kukaanga juu. Kuku na wali tukala sisi. Wifi alikula pilipili mpaka akatoa machozi.

Kwenu mliolelewa kwingine, kila jiko lina bokoboko lake. Wachaga wana mtori. Wa Kagera na Mbeya wana ndizi, ziponde na supu. Ugali mlaini na mlenda unateleza wenyewe. Parachichi, ndizi mbivu, papai lililopondwa, mtindi wa kijiko, mayai ya kuvuruga, maharage yaliyochemshwa yakasagwa, tambi zilizoiva sana. Tafunia upande mwingine, na usimwache mgonjwa na uji mtupu siku tatu. Kidonda kinahitaji nyama, mayai, maharage, maziwa. Mtu mwenye njaa anapona polepole na tena anakuwa mkali.

Baada ya saa 24 ndipo maji ya chumvi yanaanza, si kabla. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Usisukutue kama unasafisha chupa. Weka kinywani, inamisha kichwa huku na huku, yaache yatoke yenyewe. Mara tatu au nne kwa siku, hasa ukishakula, kwa muda wa wiki moja. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, pale kwenye jeraha pitia mbali. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, shavuni kwa nje, dakika 15 unaweka na 15 unatoa, inasaidia siku ile ya kwanza. Uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu kisha ndio unashuka, kwa hiyo usishtuke ukiamka kesho yake umekuwa mnene upande mmoja.

Usiku wa harusi

Jumamosi ukumbini alipendeza. Nilimtengea sahani yangu mwenyewe, viazi na mchuzi usio na viungo vikali, akala. Maji kwa glasi. Nikaridhika, nikaenda kucheza na mawifi. Kuna muda nilimtafuta sikumwona, nikaambiwa yuko nje na binamu zake wanapunga upepo.

Jumapili usiku akaanza kulalamika. Jumatatu saa kumi alfajiri amekaa kitandani ameshika kichwa. Maumivu yanatoka kwenye shimo yanapanda mpaka sikioni. Panadol hazigusi. Na mdomo, samahani kwa lugha, ulikuwa na harufu ambayo hata yeye aliisikia. Mtu aliyekuwa anapata nafuu siku ya pili, siku ya nne yuko hoi kuliko siku ya kwanza. Hiyo ndiyo dalili yenyewe, ishike: maumivu ya kawaida hupungua kila siku, haya hupanda kati ya siku ya pili na ya nne.

Asubuhi tukarudi kwa daktari yule yule, dada mmoja mpole anayeongea taratibu. Akamulika ndani. "Shimo limekauka. Donge halipo, mfupa uko wazi." Madaktari wameliandika tatizo hili tangu mwaka 1896, wala si la Dar es Salaam peke yake. Huwapata zaidi waliong'olewa magego ya mwisho ya chini. Kisha akamtazama mume wangu, akauliza kama anayeuliza saa ngapi: "Umevuta sigara?"

Mimi nikacheka. Nikajibu kwa niaba yake, "Ameacha huyu, daktari. Mwaka wa pili sasa." Aliacha mtoto wetu wa pili alipokuwa na kifua, nesi alipotuambia moshi ndani ya nyumba haumfai. Aliniapia.

Baba watoto hakujibu. Aliangalia taa.

"Mbili tu," akasema mwishowe. "Juzi, kule harusini."

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba sigara ina ubaya mara mbili: unaivuta kwa mvuto ule ule wa mrija, na sumu yake inabana mishipa midogo, damu haifiki kwenye jeraha. Asivute angalau siku tatu baada ya kung'oa jino, na kwa jinsi alivyo sasa, mpaka apone kabisa. Akalisafisha shimo kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaweka kitambaa kidogo chenye dawa. Ile harufu nikaijua mara moja: karafuu! Dawa hiyo hutengenezwa kwa mafuta yanayotokana na karafuu, zile zile wanazoanika Pemba barabarani. Ndani ya dakika chache uso wake ulilegea. (Msije mkachukua karafuu au mafuta yake dukani mkamimina wenyewe. Mafuta matupu yanaunguza nyama ya fizi.) Tukarudi mara mbili kubadilisha, na baada ya wiki moja hivi mambo yalikuwa shwari.

Mambo ya jino, namaanisha. Kwenye bajaji hatukusemeshana. Mama mkwe alikuwa bado kwangu, na mbele yake sikutaka kumvunjia heshima mwanawe. Usiku watoto walipolala ndipo nikamuuliza swali moja tu, kama kweli ni mbili na kweli ni juzi. Akanyamaza, kisha akasema hakuwahi kuacha. Anavutia kazini, anatafuna pipi ya mnanaa kabla ya kupanda gari. Miaka miwili mimi namsifia kwa shoga zangu, miaka miwili nanusa mnanaa!

Niliumia. Nilimwambia nimeumia, na nikamwambia kwamba sigara tunaweza kuishughulikia, ila nikiulizwa kitu chake mbele ya watu nisiwe tena mtu pekee asiyejua. Akalia kidogo, sijui ni mimi au ni taya. Mpaka naandika haya zimepita wiki sita. Anasema havuti, mimi sinusi mashati. Tumekubaliana akiteleza aniambie mwenyewe siku ile ile, na mara moja ameniambia.

Pombe, vidonge na mambo ya chumbani

Barua nyingi mnazotuletea zinauliza haya, kwa hiyo bila kuzunguka. Pombe iache. Imani ya kusukutua kwa pombe kali "ili kidonda kife" haina maana, inachoma nyama mpya na inaweza kuanzisha damu. Tena soma karatasi ya dawa uliyopewa. Wengi hupewa metronidazole, ambayo wengine mnaiita Flagyl. Ukiichanganya na pombe unaweza kutapika, moyo kwenda mbio na uso kuwaka, kwa hiyo mpaka umalize dozi na upite siku mbili hadi tatu nyingine. Dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac meza baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu aseme kabla hajaandikiwa. Aspirini usijinunulie, inafanya damu isigande. Lakini kama uliandikiwa ya moyo, usiiache bila kumuuliza daktari wako.

Kina dada, hili huwa hatuambiwi: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa shimo kukauka. Usiviache ghafla ukajikuta na jambo lingine. Mwambie tu daktari wa meno kwamba unavitumia. Jino lisilo la dharura, baadhi yao hupendelea kuling'oa siku za vile vidonge vya rangi tofauti mwishoni mwa paketi. Na kama ni mjamzito, sema pia, hata kama tumbo bado halijaonekana.

Mabusu ya mdomo, mpe siku mbili tatu. Shavuni na kwenye paji la uso hakuna aliyekatazwa. Shughuli nzito za chumbani, pamoja na mazoezi na kubeba ndoo, ziahirishwe siku ya kwanza na ya pili kwa sababu msukumo wa damu ukipanda jeraha linaweza kuvuja.

Mwezi wa Ramadhani, jino linaloweza kusubiri panga lisubiri, au muulize daktari kama anaweza kukuona usiku baada ya futari, upate muda wa kunywa maji na dawa. Likikushika kwa nguvu mchana, mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. La damu na kumeza, sheikh wako atakuelekeza. Futari yako iwe uji na viazi vilaini, sambusa na bagia zenye kona kali wape wengine.

Kurudi kwenye chakula kigumu, wengi huanza polepole kati ya siku ya tano na ya saba, upande ule mwingine kwanza. Fizi hufunga vizuri ndani ya wiki tatu hadi nne, mfupa wa chini unachukua miezi. Katikati ya hapo ukipata homa, usaha, ladha mbaya isiyoondoka, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, ganzi isiyoisha kesho yake, au mdomo kushindwa kufunguka, usisubiri tarehe ya kadi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, au ukapata shida kumeza au kupumua, nenda usiku huo huo, usingoje asubuhi.